Malkia, upepo na nanga zilizobaki Calais

Swali: "Nafundisha Historia kidato cha tano hapa Tanga. Wiki iliyopita niliwaonyesha wanafunzi kwa projekta ile picha ya Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza yenye merikebu dirishani, iliyochorwa baada ya Armada, yaani kundi kubwa la merikebu za vita za Hispania, kushindwa mwaka 1588. Nilitaka tu waonje zama zile. Darasa likawaka moto. Mmoja alisema picha inathibitisha kwamba Mungu aliwapigania Waprotestanti. Mwenzake Mkatoliki akachukia. Binti mmoja akauliza kwa nini malkia ameweka mkono juu ya Afrika. Mwingine akasema yote ni uongo, propaganda, tusipoteze muda. Kwenye kitini changu nimeandika kwamba mchoraji ni George Gower na kwamba malkia alikuwa na miaka 55, ingawa usoni anaonekana msichana. Sasa naogopa kuirudia. Je, picha kama hii ni ushahidi wa historia au ni mapambo ya wakubwa? Na suala la Mungu nilijibuje bila kuonekana nimechukua upande?"

Mwalimu, pole na hongera. Pole kwa joto la darasa. Hongera kwa sababu picha ile imewafanyia vijana wako kazi ileile iliyochorewa zaidi ya miaka 400 iliyopita, yaani kumfanya anayeitazama achague upande. Nikikuelewa vizuri, una hofu mbili: kwamba umewapa wanafunzi kitu kisicho na uzito wa kihistoria, na kwamba umejiingiza kwenye ugomvi wa dini usiojua pa kutokea. Hofu ya kwanza haina msingi. Ya pili inao, na ndiyo itakayotuchukua muda.

Tuanze na kitini, maana hapo ni kazi ya kalamu tu. Jina la Gower lifute. Alikuwa mchoraji rasmi wa malkia tangu 1581, ndiyo maana watu walimtwika picha hii kwa miaka mingi. Lakini picha zenyewe ni tatu. Moja iko Woburn Abbey, ya pili iko Greenwich katika jumba la Queen's House, na ya tatu iko National Portrait Gallery mjini London, nayo ilikatwa pembeni hadi bahari karibu yote ikapotea. Ukiziweka pamoja unaona mikono tofauti ya uchoraji, na siku hizi ya Greenwich huandikwa kuwa kazi ya mchoraji Mwingereza asiyejulikana. Umri uko sawa: Elizabeth alizaliwa 7 Septemba 1533. Mkono hauko juu ya Afrika. Vidole vimelala juu ya bara la Amerika. Binti huyo amekosea bara, lakini swali lake ndilo lililonipendeza kuliko yote, na nitalirudia. Jambo jingine watakalokuja nalo ni tarehe. Kitabu kimoja kitasema pambano la Gravelines, lile kubwa kati ya Waingereza na Armada, lilikuwa 29 Julai, kingine 8 Agosti. Vyote viko sahihi. Uingereza ilikuwa bado inatumia kalenda ya Julius, Hispania imekwisha kuhamia ile ya Papa Gregory, na kati yake kulikuwa na siku kumi.

Sasa itazame picha polepole. Imelala, upana unazidi urefu, jambo lisilo la kawaida kwa sura ya mtawala wa wakati ule. Ya Greenwich ina kama sentimita 110 kwa 127, imechorwa kwa rangi za mafuta juu ya mbao. Malkia amejaza karibu nafasi yote: mikono ya gauni imevimba, kola ya lesi imezunguka uso kama miali ya jua, lulu zimetundikwa kila mahali. Nyuma yake kuna sehemu mbili zilizo wazi kama madirisha. Upande wa kushoto kwako wewe mtazamaji bahari ni shwari na merikebu za Waingereza zimejipanga. Upande wa kulia ni giza, mawimbi, na merikebu za Wahispania zinasukumwa kwenye miamba. Uso wa malkia umeelekea kwenye utulivu, dhoruba ameipa mgongo. Kulia kwako, kwenye kiti, kuna nguva wa kuchongwa. Kushoto kuna taji, na chini ya taji ule mfano wa dunia wenye mkono wake juu.

Waulize wanafunzi: madirisha haya mawili yanaonyesha saa ngapi? Watagundua wenyewe kwamba hayawezi kuwa ya wakati mmoja. Mapambano katika mlango wa bahari yalikwisha mwanzoni mwa Agosti kwa kalenda ya Hispania. Merikebu nyingi zilivunjika kwenye pwani za Ireland wiki kadhaa baadaye. Mchoraji amezichukua hizo wiki akazikunja kama mkeka, akamkalisha malkia katikati. Ukiangalia haraka unaona kwamba yeye ndiye sababu: kushoto ameweka amani, kulia ameleta maangamizi, na hakutoka jasho. Hilo ndilo kosa la kwanza la kuliondoa darasani. Picha hii haisimulii vita. Inapanga sababu na matokeo, na mpangilio huo ni dai la kisiasa.

Kulipima dai lazima ujue kilichotokea majini, na hapa nitakaa kidogo maana vitabu vya shule hupita mbio. Armada iliondoka Lisbon mwezi Mei 1588 ikiwa na merikebu kama 130 na watu karibu 30,000. Haikutumwa ivamie Uingereza bila msaada. Ilitakiwa ikutane na jeshi la Hispania lililokuwa Flanders, ng'ambo ya bahari, chini ya Duke wa Parma, na kulivusha. Ilipotia nanga nje ya Calais, Waingereza walisubiri usiku, wakatia moto merikebu nane za kwao na kuziachia upepo na mkondo wa maji. Manahodha wa Hispania hawakuwa na muda wa kung'oa nanga. Wengi wao walikata kamba wakakimbilia bahari kuu. Kulipokucha, safu yao imevurugika, wakapigwa kwa mizinga karibu na Gravelines, na wapakiaji wa mizinga wa Kiingereza walikuwa wepesi kuliko wao. Kisha upepo wa kusini-magharibi ukawasukuma Bahari ya Kaskazini, na njia pekee ya kurudi nyumbani ikawa kuzunguka Scotland na kushuka magharibi mwa Ireland. Huko dhoruba za Septemba zikawakuta.

Chombo chenye nanga nzuri hujisitiri ghubani kikangoja upepo utulie. Vyombo hivi nanga zao bora zilikuwa zimelala chini ya maji huko Calais. Kwa hiyo ule mwamba wa dirisha la kulia una historia ndefu inayopitia kamba iliyokatwa kwa shoka usiku mmoja. Wanafunzi wa Tanga waliokulia na kusi na kaskazi hawahitaji kufundishwa kwamba upepo ni kitu kikubwa. Wanachohitaji kukiona ni kwamba katika picha upepo umebaki na nanga zimeondolewa. Upepo unaweza kusemwa umetumwa. Nanga iliyokatwa ina nahodha, ina hofu, ina uamuzi wa dakika tano.

Tunafika kwa Mungu. Kwa nini Elizabeth alihitaji sana ushindi uwe wa mbinguni? Mwaka 1570 Papa Pius wa Tano alikuwa amemtenga na Kanisa na kutangaza kwamba raia wake hawafungwi tena na kiapo cha kumtii. Februari 1587 binamu yake Mary wa Scotland, Mkatoliki ambaye wengi walimtazamia arithi kiti, alikatwa kichwa Uingereza. Kwa Philip wa Pili wa Hispania safari ya 1588 ilikuwa vita ya dini pia, na Papa wa wakati huo, Sixtus wa Tano, aliahidi dukati milioni moja za dhahabu zitakazolipwa askari wakishakanyaga ardhi ya Uingereza. (Hawakukanyaga, naye hakulipa. Alikuwa mtu wa hesabu.) Basi upande mmoja ulipokwenda vitani ukisema Mungu yuko nasi, upande ulioshinda usingeweza kusema tulibahatika. Mwaka uleule ilipigwa medali huko Uholanzi yenye maneno ya Kilatini na jina la Mungu kwa herufi za Kiebrania: Yehova alivuma, nao wakatawanyika. Atakayefungua Kutoka sura ya 15 ataisikia sauti ya wimbo wa Musa baada ya jeshi la Farao kuzama. Tarehe 24 Novemba, kwa kalenda ya Uingereza, malkia aliendeshwa kwa msafara hadi kanisa la St Paul's kushukuru. Picha yako ni ya familia hiyo moja: medali, mahubiri, msafara, ubao wa rangi.

Lakini usiwaache hapo, maana huo ni upande mmoja tu na kijana wako Mkatoliki atakuwa na haki ya kununa. Waonyeshe picha ya pili, iliyoko makumbusho ya Prado mjini Madrid. Aliichora Titian, mzee wa Venice, kati ya 1573 na 1575, kwa amri ya Philip huyohuyo. Tarehe 7 Oktoba 1571 muungano wa Hispania, Venice na Papa uliwashinda Waosmani, yaani dola ya Waturuki, katika vita ya majini ya Lepanto. Miezi miwili baadaye Philip alipata mtoto wa kiume, Fernando. Titian aliyaunganisha mambo hayo mawili. Mfalme amesimama mbele ya meza kama madhabahu, amemwinua mtoto uchi kuelekea mbinguni, kwa namna ambayo Mkatoliki yeyote anayekwenda misa ataitambua: ndivyo padre anavyoinua hostia. Kutoka juu kiumbe mwenye mabawa anampa mtoto tawi la mtende lenye utepe wa Kilatini, maana yake "makubwa zaidi yanakungoja". Nyuma, merikebu zinaungua. Chini, Mturuki amefungwa.

Sasa angalia mambo yanavyolingana. Philip hakuwako Lepanto. Aliyeongoza vita, ndugu yake wa baba mmoja Don Juan wa Austria, hayumo pichani. Titian alikuwa Venice na mfalme Madrid, hivyo sura ilichorwa kwa kielelezo kilichotumwa kutoka Hispania na mchoraji Alonso Sánchez Coello. Papa aliyetenga siku ya shukrani ya tarehe 7 Oktoba ni Pius wa Tano, yuleyule aliyemtenga Elizabeth, na mrithi wake Gregory, yule wa kalenda, mwaka 1573 akaifanya sikukuu ya Rozari. Waumini wa parokia za Tanga bado wanaiadhimisha kila Oktoba, na sidhani wengi wanajua kwamba mzizi wake ni vita ya majini. Na "makubwa zaidi" je? Waosmani waliunda upya merikebu zao ndani ya majira ya baridi moja. Mwaka 1573 Venice iliwaachia Cyprus. Mtoto Fernando alifariki 1578 kabla hajatimiza miaka saba.

Hilo ndilo jibu la kumpa aliyesema picha inathibitisha. Mungu yuleyule, mfalme yuleyule, miaka 17 kati ya Lepanto na Armada, na picha mbili zinazodai kinyume. Picha haina uwezo wa kuthibitisha Mungu alikuwa upande gani. Inathibitisha, tena bila shaka, kwamba watawala wawili waliona ni muhimu sana watu waamini hivyo. Hapo hujachukua upande wa mtu, na hujamdharau anayeamini kwamba Mungu hutenda katika historia; imani hiyo ina mahali pake, ila haipimwi kwa brashi. Wanafunzi wako Waislamu nao watakuwa na la kusema kuhusu yule Mturuki. Wape nafasi ya kwanza.

Kwa yule wa "uongo mtupu", mwambie ameona moshi akaondoka kabla ya kuuliza kinachoungua. Propaganda ni ushahidi mzuri mno wa hofu za anayeitengeneza. Mbinu ninayoitumia mimi ni kuuliza nini kimekosekana. Katika picha ya Elizabeth hawamo mabaharia. Waingereza hawakupoteza merikebu vitani mbali na zile walizozichoma wenyewe, lakini baada ya ushindi maelfu ya watu wao walikufa kwa homa na kuhara, wengi hawajalipwa mshahara, na amiri wao Lord Howard aliandika kwa uchungu jinsi walivyokuwa wakifia mitaani Margate. Hayumo mume wala mtoto. Mwanamke wa miaka 55 hatazaa, na kila aliyeitazama picha ile alijua kiti hakina mrithi aliyetangazwa. Lulu zinajibu hofu hiyo: ubikira unageuzwa kuwa nguvu, mwili usioingiliwa unakuwa kisiwa kisichoingiliwa. Wapo wanahistoria wanaosema heshima hii ilichukua nafasi iliyoachwa na Bikira Maria baada ya sanamu zake kuondolewa makanisani. Mimi nakubali nusu. Lulu zilikuwa pia za mungu wa mwezi katika mashairi ya kipagani ya ikulu, na si kila aliyemsifu malkia alikuwa akimkumbuka Maria.

Na vidole juu ya Amerika, swali la binti yako. Mwaka 1587 Waingereza walipeleka walowezi kisiwani Roanoke, katika nchi waliyoiita Virginia kwa heshima ya malkia bikira. Merikebu za kuwapelekea msaada zilizuiwa kwa sababu ya Armada, na msaada ulipofika mwaka 1590 makazi yalikuwa matupu. Kwa hiyo wakati rangi inakauka, mkono ule ulikuwa umelala juu ya nchi ambayo Uingereza haikuishika hata kidogo. Mwulize binti kama amewahi kumwona mtu akiweka mkono juu ya kitu ili wengine waamini ni chake.

Usidhani mkulima wa Kent aliiona picha hii. Wananchi walipata mahubiri, nyimbo za mitaani na karatasi za kuchapwa. Picha za ukubwa na gharama hii zilitundikwa majumbani kwa mabwana, na kuitundika kulikuwa tangazo la utii, kama vile ofisi zetu zinavyotundika picha ya Rais bila mtu kuitazama mara ya pili. Ndiyo sababu zipo tatu. Ndiyo sababu pia uso ni wa msichana: malkia hakuketi mbele ya wachoraji kila mara, wao walinakili kielelezo cha uso kilichokubaliwa. Serikali ililijali jambo hilo kiasi kwamba mwaka 1596 Baraza la Malkia liliagiza picha zake zisizostahili zitafutwe na kuharibiwa. Mtawala asiye na mrithi hana ruhusa ya kuzeeka mbele ya watu.

Je, uirudie darasani? Irudie. Ukiwa na nafasi ya picha moja tu, bora uiache, maana moja inageuka kuwa hubiri. Zikiwa mbili zinabishana zenyewe, nawe unabaki mwamuzi. Ubaya wake ni muda: utahitaji vipindi viwili, na silabasi haikusubiri. Mimi ningekata mahali pengine. Pia usiishie mwaka 1588. Mwaka uliofuata Waingereza walipeleka manowari zao Coruña na Lisbon wakarudi wameshindwa, na vita havikwisha hadi mkataba wa 1604.

Kuna mahali projekta haisaidii. Bahari unayoiona katika picha ya Greenwich ilipakwa upya katika karne ya 18 juu ya ile ya kwanza. Ukitaka kujadili mawimbi yale kama kazi ya 1588, tumia ya Woburn, au mwulize mhifadhi wa makumbusho anayeiona kwa vifaa vyake. Picha ya simu haitakuonyesha tabaka la rangi. Kama una ndugu London, kuingia Queen's House ni bure. Makumbusho yaliinunua mwaka 2016 kwa pauni milioni 10, na maelfu ya watu wa kawaida walichangia. Na kama ule ugomvi umetoka darasani ukafika mabwenini au kwa wazazi, usiutibu kwa somo jingine la sanaa. Waite wale wawili, uwasikilize ana kwa ana, na ikibidi mshirikishe mwalimu wa dini wa kila upande.

Kisha, shule ikiweza, wapeleke Mombasa. Tangu 1580 Philip alikuwa mfalme wa Ureno pia, na merikebu ya amiri wa Armada, São Martinho, ilikuwa ya Kireno. Miaka mitano baada ya kushindwa kule, mwaka 1593, ujenzi wa Fort Jesus ulianza chini ya utawala wake. Ngome ya mfalme yule wa dirisha la kulia iko safari ya saa chache tu kutoka darasani kwako. Mwombe mwongoza wageni awasomee maandishi ya Kireno yaliyochongwa juu ya lango, yanayomsifu kapteni Francisco de Seixas de Cabreira kwa kuitiisha pwani na kuziadhibu Pate na Siu, miji ya visiwa vya Lamu. Wanafunzi wakimaliza kusikiliza, waulize swali lile la nani hayumo. Wenye bibi na babu Lamu watakuwa wa kwanza kunyoosha mkono.